Wilbaro Tatu za Mchanga

Zege nzuri inajulikana kwa mkono. Unachota kidogo, unafinya, unafungua kiganja. Ikibaki bonge lenye alama za vidole vyako, na uji wa kijivu umekupaka ngozi, iko sawa. Ikimeguka kama ugali wa jana, simiti haikutosha. Nilifunzwa hivyo siku yangu ya nne kwenye mjengo na mzee mmoja wa Majengo, fundi wa miaka mingi, ambaye kofia yake ya kufuma ilikuwa imeshakuwa ngumu kwa vumbi. Alinishika mkono akanichovya kwenye zege kama mtu anayemfundisha mtoto kunawa. "Watakwambia maneno mengi, kijana," akasema. "Wewe uliza mkono."

Nimemkumbuka kwa sababu ya Jumatano. Kikundi chetu cha Biblia hukutana sebuleni kwa mmoja wetu huku Umoja, Nairobi, watu kumi au kumi na wawili, chai ya maziwa na mandazi. Zamu ilikuwa yangu, na mada niliichagua mwenyewe kwa kiburi: kama Mungu anatupenda na anaweza yote, mbona tunateseka hivi? Nina diploma ya theolojia niliyoisoma jioni kwa miaka mitatu nikitoka kazini, nikaona hapa ndipo karo yangu itakapojilipa. Nilifundisha vizuri. Watu waliandika. Halafu binti mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuja kumsindikiza mamake tu, akainua mkono.

"Mwalimu, mbinguni tutakuwa na hiari?"

Nikasema ndiyo.

"Na kutakuwa na dhambi?"

Nikasema hapana.

"Kwa hivyo inawezekana," akasema, akarudi kwenye mandazi yake.

Nilitazama daftari langu, sikupata kitu. Yule mtoto, bila kumsoma mtu yeyote, alikuwa ameokota hoja ambayo mwanafalsafa J. L. Mackie wa Australia aliichapisha mwaka 1955: kama mtu anaweza kuchagua mema kwa hiari yake mara moja, mbona Mungu hakuumba watu ambao wangechagua mema kwa hiari yao kila mara? Mimi nilikuwa nimewafundisha jibu la kawaida, kwamba upendo bila hiari si upendo, kwamba Mungu hakutaka vibaraka, na kwamba ubaya wa dunia ni gharama ya uhuru wetu. Nilikuwa nimepitia kwa Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliyesema uovu si kitu chenye kuwepo kwake bali ni upungufu wa wema. Mfano nilioutoa ulikuwa tundu la sufuria: tundu si kitu, ni pale ambapo sufuria haipo, ila mchuzi unamwagika vilevile. Walicheka. Kisha nikamleta Alvin Plantinga, Mmarekani aliyeandika miaka ya 1970 kwamba huenda hata Mwenyezi hawezi kumpa mtu hiari na papo hapo kuhakikisha hatakosea, kwa sababu kukosea kukishazuiwa, hiari imeondoka.

Plantinga, kwa haki yake, alikuwa mwangalifu kuliko sisi. Hakudai kuijua sababu ya Mungu. Alidai tu kwamba kumwamini Mungu mwema katika dunia yenye uovu si kujipinga kimantiki. Ni sisi wa masomo ya jioni tunaochukua utetezi wa darasani na kuupeleka matangani, tukamwambia mama aliyefiwa kwamba haya ndiyo matokeo ya uhuru.

Hata hivyo sitaitupa hoja ya hiari, na sababu haiko kitabuni. Mimi mwenyewe ni ushahidi wake.

Mwaka 2009 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, karo ya kuendelea hakuna, na mjengo ndio uliochukua yeyote mwenye mabega. Jumba lilikuwa la ghorofa saba, Eastlands. Mtaa siutaji, na mtaona kwa nini. Siku yenyewe ilikuwa ya kumwaga slabu ya ghorofa ya tatu. Asiyewahi kufanya kazi hiyo aelewe kwamba slabu haingoji. Ukianza asubuhi unakwenda mpaka imalizike, watu wamepanga mstari kwenye ngazi za mbao, karai zinapanda zimejaa na kushuka tupu, mtu akichoka mstari mzima unagongana. Mimi niliwekwa kwenye miksa. Kipimo kilikuwa mfuko mmoja wa kilo 50, wilbaro moja ya mchanga, wilbaro mbili za kokoto. Nilikijua kama wimbo.

Asubuhi hiyo tulikuta stoo imepungua. Mifuko ilikuwa imetembea usiku, na nani aliitembeza kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Fomeni akazunguka miksa mara mbili, akatazama saa yake. "Ongeza mchanga," akaniambia. "Wilbaro tatu. Na maji usiyaogope, iteleze."

Maji mengi huwafurahisha wabebaji kwa sababu zege inakuwa laini. Zege nayo inakuwa dhaifu.

Mzee wa Majengo alishuka kuona mbona karai zinazofika juu zina rangi ya udongo. Hakusema kitu. Aliingiza mkono, akafinya, akafungua. Ilimwagika katikati ya vidole kama uji wa mgonjwa, na iliyobaki ikameguka. Akamgeukia fomeni kwa adabu kabisa, "Bwana mkubwa, hii siweki."

"Mzee, kama umechoka nenda nyumbani ukapumzike."

Basi akaenda. Alisuuza mwiko wake kwenye pipa, taratibu, upande huu na upande huu, akaukausha kwa shati, akaufunga kwenye karatasi ya mfuko wa simiti. Malipo ya siku nzima aliyaacha pale. Alipopita karibu nami alisema, "Haya, kijana," basi.

Mimi nilitia wilbaro tatu. Nilitia tatu mpaka jioni, na Jumamosi nikapanga foleni nikapokea shilingi 300 za siku hiyo pamoja na za siku nyingine. Hakuna aliyenielekezea bunduki. Sikusikia pepo akininong'oneza. Nilikuwa na njaa, kweli, lakini mzee alikuwa na njaa yake na watoto juu. Watu wawili, zege moja, dakika ileile. Mmoja akaosha mwiko na mwingine akaongeza mchanga. Mtu akiniuliza kama binadamu ana hiari, sihitaji kumtafuta Plantinga.

Na Mungu alikuwa wapi? Miaka mingi jibu langu lilikuwa zuri sana: alikuwa kwenye kiganja cha yule mzee, akinionyesha. Bado naliamini. Ila nimekuja kuona kwamba hilo ni jibu la mtu aliyekuwa kwenye miksa. Anayelala chini ya ile slabu hakuonyeshwa kiganja chochote. Hiari ilikuwa yangu, na deni linakaa juu ya kichwa chake. Hoja ya hiari inaeleza vizuri kwa nini Mungu hakunizuia mimi. Haielezi kwa nini gharama yangu ipelekwe nyumba ya jirani.

Jumba lile halijaanguka. Limepakwa rangi mara mbili, nguo zimeanikwa kila ghorofa, na kwenye ya tatu kuna mtu anakuza nyanya kwenye mikebe. Kila masika ninaomba. Nikisikia mvua ya usiku inapiga mabati ninaamka na kumwomba Mungu aishike kwa mkono wake ile kitu niliyoitengeneza kwa mkono wangu. Ilinichukua muda kusikia ninachoomba. Nataka hiari yangu iheshimiwe siku ya mshahara, na ivunjwe siku ya slabu.

Usiku wa Ijumaa, 29 Aprili 2016, mvua kubwa ilinyesha Nairobi, na jengo la ghorofa sita kule Huruma, karibu na mto, likaporomoka. Lilikuwa tayari limeshatajwa kuwa la kubomolewa. Waliokufa walipita 50. Alfajiri ya Jumanne, baada ya saa 80 hivi, waokoaji walimtoa mtoto mchanga wa kike akiwa hai, amefungwa blanketi ndani ya ndoo. Nilikuwa nasikiliza redio jikoni, nikalia kwa furaha kama kila mtu. Jumapili hiyo kanisani tulipiga vigelegele, Mungu ni mkuu.

Mamake yule mtoto alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Sisemi hatukupaswa kupiga vigelegele. Lakini muujiza una ukali wake, na wahubiri wetu hawapendi kuutazama. Mtu akidai kwamba mkono wa Mungu ulifika mpaka kwenye ndoo ile, chini ya kifusi kile, basi yeye mwenyewe amefungua swali la vyumba vingine vyote. Kifo peke yake kingeweza kutuachia Mungu asiyeingilia kati. Mtoto akitoka hai, huyo Mungu hatunaye tena.

Kwenye Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, na kujibu mwenyewe kwamba sivyo. Hapo ameua mahubiri mengi ya Nairobi kwa sentensi moja. Lakini hasemi kwa nini mnara ulianguka, anawageuzia tu neno la kutubu. Mimi kama mtu wa mjengo hutaka kuuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza pale: nani aliujenga, na mchanganyiko ulikuwaje? Sidhani angelikasirikia. Neno la Kigiriki ambalo Marko analitumia kwa kazi yake, sisi tukalitafsiri seremala, huweza pia kuwa fundi wa kujenga. Huenda alijua zaidi kuhusu kuta kuliko waliomzunguka.

Aya iliyonishika sikuipata darasani. Niliipata ndani ya matatu pale Jogoo Road, foleni imesimama, nikitafuta kitu kingine kabisa kwenye simu. Kumbukumbu la Torati 22, aya ya 8. Ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kuzunguka dari, usije ukaleta damu juu ya nyumba yako mtu akianguka kutoka huko. Wakati ule watu walikaa juu ya dari, yaani paa, wakaanika vitu, wakalala. Nilisoma mara nne. Mungu wa aya hiyo haahidi kumdaka anayeanguka. Anaongea na mwenye nyumba kabla mtu hajapanda, na kumwambia damu itahesabiwa wapi. Mzee wa Majengo angesema ni kama ile hadithi ya ngamia: mfunge kwanza, ndipo umtegemee Mwenyezi.

Baada ya Huruma nilirudi kwenye lile jumba kusema. Ofisi niliyoipelekea habari sitaitaja. Mkaguzi alikuja, akagonga nguzo mbili kwa ufunguo wa gari lake, akaondoka. Kwa hiyo nikaanza na mtu wa kwanza niliyemkuta, mama mboga wa kibanda cha chini, ambaye pia ni mpangaji.

"Mama, mimi nilifanya kazi hapa wakati wa kujenga. Nyumba hii si nzuri."

"Si nzuri vipi?" Alikuwa anakata sukuma, ile kukata ya wembamba wa uzi, hakuinua macho.

Nikamweleza simiti, mchanga, ghorofa ya tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, hapa nalipa elfu tatu na mia tano. Hiyo nyumba nzuri ni ngapi?"

Sikuwa na jibu. Akanifungia sukuma ya ishirini ambayo sikuwa nimeomba, nikalipa.

Vitabu vinazungumzia hiari kana kwamba kila mtu alipimiwa debe moja lililojaa. Hapa Nairobi hiari imegawanywa kama maji: wengine wana tangi juu ya paa, wengine wamepanga mitungi tangu alfajiri. Hiari ya mwenye jumba ilikuwa ghorofa saba. Yangu ilikuwa shilingi 300, na bado ilitosha kuharibu. Ya mama mboga ilikuwa chumba cha futi kumi kwa kumi. Nguzo iliyo nyuma ya kibanda chake ina ufa mwembamba kama unywele. Nilichora mstari wa penseli pale ufa unapoishia, nikaandika tarehe. Mafundi hufanya hivyo kujua kama ufa unatembea. Tangu hapo napita kila Ijumaa nikitoka kazini, nanunua mboga, nainama kutazama. "Wewe na ukuta wangu," hunitania.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa makala nzuri ya kuwalaumu wenye majumba. Lakini nina mpwa.

Mtoto wa dada yangu ana miaka kumi na moja na ana selimundu, sikoseli kama tunavyosema. Seli zake nyekundu za damu, badala ya kuwa duara laini, hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo, na mahali damu isipofika panauma. Baridi huamsha maumivu, kwa hiyo Julai ya Nairobi kwetu ni mwezi wa kulala na viatu karibu. Usiku mmoja alipokuwa na miaka sita nilimkuta dada amejaza maji ya moto kwenye chupa za soda, amezifunga kwa leso, anazibana kwenye magoti ya mtoto huku akimwimbia. Saa tisa usiku, teksi iko njiani. Mtoto alikuwa ameacha kulia, amechoka. Akanitazama akasema, "Anko, mwambie Mungu azime."

Azime, kama mtu anayeomba taa.

Dada alikuwa ameshaambiwa na mhubiri mmoja kwamba ni laana ya ukoo, na sadaka ya kuifungua ikatajwa. Kinachonikera ni kwamba yule mtu alikuwa amekaribia ukweli kwa upande wa ukoo. Ugonjwa huu kweli hurithiwa. Mtoto huupata akipokea jeni kutoka kwa baba na kwa mama, na wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Na anayebeba jeni moja tu, kama dada yangu, analindwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Aliyelithibitisha hilo ni Anthony Allison, daktari aliyekulia hapa Kenya, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1954 baada ya kuona kwamba jeni hiyo imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kule malaria iliko, na kuwa adimu nyanda za juu. Kwetu ni kando ya ziwa. Huenda bibi yetu aliishi mpaka akazaa kwa sababu ya kitu kilekile kinachovunja magoti ya kitukuu chake.

Sasa nielezeni tundu la sufuria liko wapi hapo. Hakuna kilichopungua. Hakuna fomeni, hakuna simiti iliyotembea usiku. Kinga ya wengi imelipiwa na mifupa ya mmoja, na hakuna binadamu aliyechagua. Plantinga anasema maovu ya aina hii huenda yakawa kazi ya roho waasi wenye hiari yao. Kama hoja ya mantiki inasimama, lakini singeweza kuipeleka kwa dada yangu, maana mhubiri alishampelekea kitu kama hicho na bei yake. Wako pia wanaosema mateso hutukomaza roho. Pengine. Mimi yamenikomaza sana. Ila maumivu ni ya mtoto, na anayekomaa ni mjomba.

Kwa hiyo nusu ya swali nina la kusema, na nusu nyingine sina. Sioni aibu tena. Kwenye Ayubu, marafiki watatu hukaa naye chini siku saba usiku na mchana bila neno, na hizo ndizo siku walizomfaa. Kisha wanafungua mdomo kumtetea Mungu, sura baada ya sura, kwa mpangilio mzuri kama wangu wa Jumatano. Mwishoni Mungu anasema wao ndio hawakunena yaliyo sawa, na kwamba Ayubu, aliyekuwa akimlalamikia muda wote, ndiye aliyenena. Kwa mtu mwenye diploma, aya hiyo inatisha. Bado naomba. Naomba azime. Mpwa wangu siku hizi anameza dawa zake za kila siku, yuko gredi ya tano, na mwaka huu Julai ilipita na safari moja tu ya usiku. Nilishukuru, nikijua kabisa ni watoto wangapi tuliowaacha wodini asubuhi ile.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, nikidhani nimemaliza.

Jana ilikuwa Ijumaa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Nilifika kibandani giza likiingia, nikawasha tochi ya simu, nikainama nyuma ya magunia ya viazi. Ufa ulikuwa umeupita mstari wangu kwa upana wa ukucha. Nikapangusa kwa kidole, nikidhani ni uchafu. Nikatazama tena.

"Wewe na ukuta wangu," akasema. "Umekwambia nini leo?"

Nikamwambia. Akaweka kisu chini. Akafunika mboga kwa gunia, akajifunga leso kiunoni, tukapanda ngazi, tukaanza na mlango wa kwanza.